Jina la mtoto lisikizwe kabla ya kusomwa

Mwalimu mmoja mstaafu wa Wema, kule Garsen katika Kaunti ya Tana River, ameniandikia swali ambalo nimeona heri nilijibu mbele ya wasomaji wote. Binti yake ni muuguzi nchini Wales, au Welisi kama wanavyoandika baadhi yetu. Anatarajia kujifungua mtoto wa kike wakati wowote, na yeye na mumewe wamekwisha kuchagua jina: Angharad.

"Profesa," anasema mwalimu, "jina hili limetugawanya nyumbani. Mimi nalisoma 'Angaradi'. Mama watoto, ambaye amelisikia kwenye simu tu na hajaliona limeandikwa, hulitamka kama mtu anayetaka kusema ng'ombe kisha akaghairi. Jirani yangu anasema jina lenyewe ni gumu, tuliswahilishe tupumzike. Je, lugha inaturuhusu?"

Nijibu la kwanza bila kuzunguka: mama watoto ndiye aliyepatia. Mwalimu amekosea kwa sababu anajua kusoma. Hilo si fumbo. Mwenye kusoma huyaona maandishi, akayapa sauti za lugha aliyozoea kuisoma. Asiyeyaona maandishi hana budi kutegemea sikio, na sikio halina haja ya kubahatisha. Nimefundisha fonolojia kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka nimekuta kwamba kazi ngumu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si kujifunza sauti mpya. Kazi ngumu ni kusahau herufi.

Tulitazame jina lenyewe. Katika alfabeti ya Kiwelisi, ng huhesabiwa kuwa herufi moja, na aghalabu husimamia sauti moja tu, ile tunayoiandika kwa ng na kibainishi: ng' ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Sisi tunazitenganisha ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe kwa alama hiyo ndogo ya juu. Wao hawana haja nayo. Katika Angharad, ng' hiyo hufuatwa na h inayosikika waziwazi. Irabu zote tatu ni a zetu za kawaida, r hutetemeka kama ya kwetu, na neno hufungwa kwa d. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ang'-HA-rad. Na hiyo kanuni ya mkazo ni ya nani? Ni yetu pia. Ndiyo inayotufanya tuseme ki-TA-bu na mwa-LI-mu. Lugha mbili zilizo mbali hivi, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiselti, zimekutana hapo bila ya kujuana.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Atamkaye hung'ara tayari anayo sauti inayomtisha jirani ya mwalimu. Hakuna hata sauti moja katika Angharad ambayo mkazi wa Wema hana kinywani. Ugeni uko katika mpangilio tu, yaani ng' kufuatwa na h, na neno kuishia kwa konsonanti. Hilo la mwisho nalo si geni sana Pwani, ambako akina Rashid, Khalid na Said huitwa kutwa nzima bila ya mtu kuwaongezea i.

Hapo ndipo "Angaradi" inapokwama mara mbili. Kwanza imegeuza ng' kuwa ng na kuimeza h. Pili, imeongeza irabu mwishoni, na irabu hiyo haikai kimya. Kwa kuwa mkazo wetu hufuata silabi ya pili kutoka mwisho, kuongeza silabi moja ni kuuhamisha mkazo mahali pake: ang'-HA-rad inakuwa a-nga-RA-di. Mtoto akiitwa hivyo kutoka chumba cha pili huenda asigeuke, kwani jina alilozoea kusikia lina kilele chake kwingine.

Sasa tupanue kidogo, maana msomaji anaweza kudhani Angharad ni bahati tu. Majina ya Kiwelisi yana sifa mbaya mbele ya wageni. Watu huona Dafydd, Myfanwy au Gwenllian wakainua mikono. Lakini wanaoinua mikono kwa kawaida wanasoma kwa macho ya Kiingereza. Ukiwa na ufunguo, mlango huo hufunguka. Dd ya Kiwelisi ni dh yetu ya dhahabu. Th yao ni th ya thamani. Ch yao ni kh anayoitamka vizuri kila amwitaye Khamis. F moja ni v, na ff mbili ndizo f. W, inapokuwa irabu, ni u. Si mbele ya irabu nyingine husomeka sh, hivyo Siân ni Shan yenye a ndefu. Basi Dafydd, linaloonekana kama ajali ya barabarani, ni DA-vidh, na ni jina lilelile la Daudi. Yapo ya kujifunza, kama irabu ya kati katika silabi ya kwanza ya Myfanwy, ambayo Kiswahili hakina. Hata hivyo, anayejua herufi hizo anaweza kulitamka karibu kila jina la Kiwelisi asilowahi kulisikia. Jaribu kuahidi hivyo kuhusu Kiingereza uone.

Kuna sadfa moja ya kihistoria ambayo huwapendeza wanafunzi wangu. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na usanifishaji wa tahajia yetu ukafuata. Mwaka huohuo wa 1928 ndipo ulipochapishwa mwongozo wa tahajia ya Kiwelisi uliotuliza mabishano ya muda mrefu. Lugha zote mbili zilichagua njia moja: herufi iwe na kazi yake, na msomaji aiamini. Ndiyo maana inasikitisha kuona Mswahili akilisoma jina la Kiwelisi kwa macho ya Kiingereza, kisha akalilaumu jina.

Ll je, ile ya Gwenllian? Hapo nakiri kwamba Kiswahili hakina sauti hiyo. Ulimi hukaa kama wa l, lakini koo halitetemeki, na pumzi hupita pembeni mwa ulimi kwa mkwaruzo. Wengi husema sauti hiyo haipo popote Afrika Mashariki. Ipo. Wairaqw wa Mbulu na Karatu, kaskazini mwa Tanzania, wanayo, na katika maandishi ya lugha yao huandikwa sl. Wafuatiliaji wa siasa za Tanzania wanalijua jina la Dkt. Wilbrod Slaa, aliyewania urais mwaka 2010. Wachache walijiuliza hiyo sl inasimamia nini. Karibu zaidi na Wema wapo Wadahalo, jamii ndogo mno ya bara ya Lamu na pembezoni mwa delta ya Tana, ambao lugha yao ina sauti hiyo pamoja na vidoko, na ambayo iko katika hatari ya kutoweka. Yaani sauti tunayoiita ya kigeni kupindukia ilikuwa ikitamkwa jirani na Garsen kabla ya ndege ya kwanza kutua Cardiff. Kumbe "ngeni" mara nyingi humaanisha "sijawahi kumsikiliza jirani".

Turudi kwa swali la pili: lugha inaturuhusu kulitohoa jina hili? Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba kila jina geni sharti livae kanzu ya Kiswahili, na hoja yao ina uzito. Sisi ni watoaji stadi wa kanzu hizo. Tuna Yohana, Petro, Elizabeti, Ibrahimu na Daudi, na hakuna anayelalamika. Utohozi ni dalili ya lugha yenye afya.

Nakubaliana nao nusu. Daudi ni jina la mtu wa kale ambalo limekuwa mali ya mataifa yote. Kila lugha ilishalipokea kwa mdomo wake, na hakuna Daudi mmoja mwenye haki ya kuzikataza nyingine. Mtoto anayezaliwa mwezi huu ni jambo jingine. Huyu ana mama na baba waliokaa usiku wakichagua. Jina lake ni lake kabla ya kuwa la lugha yoyote. Mimi husema nomino za vitu tohoeni mtakavyo, kwani gari halitalia likiitwa motokaa. Jina la mtu aliye hai liulizieni kwa mwenyewe au kwa wazazi wake. Wakisema "tumeliswahilisha", vema. Wasiposema, sisi hatuna kalamu hapo.

Hii haina maana kwamba bibi wa Wema amefungwa mdomo. Pwani tuna desturi nzuri ya jina la nyumbani, ambalo haliingii katika cheti na halimwondolei mtoto jina lake. Angharad kwa Kiwelisi lina maana ya apendwaye mno. Bibi akitaka kumwita mjukuu Pendo anapombembeleza, atakuwa ametafsiri badala ya kupotosha, na mtoto atakuwa amepata majina mawili yenye moyo mmoja. Ninachokataa ni jina la tatu, lile ambalo si la wazazi wala si la bibi, lililozaliwa kwa sababu mtu aliona aibu kuuliza.

Kama kuna msomaji anayeona nalikuza jambo dogo, na atazame upande wa pili wa kioo. Tangu mwaka 1966, Maulana Karenga alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa nchini Marekani na kuzipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili, familia nyingi zenye asili ya Afrika zimewaita watoto wao Imani na Nia. Wengine huchagua Zuri kutoka katika orodha za majina zinazosema maana yake ni mrembo. Sisi tunacheka chini chini: zuri si neno kamili, ni shina linalongoja kiambishi, na mtu ni mzuri. Tunacheka pia tukisikia i ya Imani ikisomwa kama ai. Haya, tunapocheka tunadai nini hasa? Tunadai kwamba kabla ya kulitwaa neno la Kiswahili na kumvika mtoto, mtu angalimwuliza Mswahili. Dai hilo ni halali. Basi tulipe deni lilelile kwa Mwelisi.

Na tulipe nyumbani pia, kwa sababu hapa ndipo uchungu wa jambo hili ulipo. Mwalimu ananiandikia kutoka nchi ya Wapokomo. Ndivyo tunavyoandika sote, na ndivyo ramani na sajili za serikali zinavyoandika. Lakini wenyewe wa Tana ya chini hawajiiti hivyo. Hujiita Wapfokomo, na lugha yao ni Kipfokomo. Sauti ile ya mwanzo huanza kwa midomo kufungwa kama p, ikafunguka kuwa f kwa pumzi moja. Wamishonari Wajerumani waliofika Ngao mwishoni mwa karne ya 19 hawakuona ajabu, kwani Kijerumani kina pf yake tangu zamani. Kiingereza cha ofisini hakina mwanzo wa namna hiyo, na Kiswahili hakina pia. Iliyosalia katika matumizi ya taifa ni p peke yake.

Kipfokomo si lugha ya mbali. Ni ndugu wa damu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na lugha za Mijikenda, Kingazija na ndugu zake wa Komoro, na Kiilwana cha juu ya mto. Zaidi ya hayo, muziki wa wimbo wetu wa taifa tangu mwaka 1963 una asili yake katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Kila asubuhi ya gwaride watoto wa shule husimama wima kwa heshima ya wimbo wa kitanda cha mtoto wa Tana. Ni nadra mmoja wao kufundishwa kulitamka jina la jamii iliyoutoa.

Majirani zao Waorma nao wana kesi yao. Katika maandishi ya Kioromo, ambacho Kiorma ni tawi lake, dh si dh ya dhahabu. Ni d inayotamkwa huku koo likishuka na pumzi ikivutwa ndani. Msomaji wa taarifa ya habari akikutana na jina la Kiorma lenye dh, hulipa sauti ya Kiswahili bila ya kusita, kwa kuwa herufi amezifahamu. Ni kosa lilelile la "Angaradi", ila safari hii limefanywa na Mswahili kwa jirani yake. Kwa hiyo tusiwatwike Waingereza lawama yote. Jicho lolote lililozoea tahajia moja hudhani tahajia hiyo ndiyo dunia.

Nalo kosa hili lina gharama inayohesabika. Mtoto akizaliwa nyumbani kijijini, habari zake hupitia kwa naibu wa chifu. Akizaliwa hospitalini, huandikwa huko. Karani husikia, au huona kikaratasi, akaandika anavyodhani. Kibainishi cha ng' ndicho huanguka kwanza, kwa sababu mashine nyingine hukikataa na makarani wengine hukiona kama uchafu. Mwaka wa shule unapofika, mwalimu wa darasa huandika anavyosikia yeye. Cheti cha mtihani kinasema hivi, cheti cha kuzaliwa kinasema vile, na siku ya kutafuta kitambulisho kijana anaulizwa yeye ni nani kati ya hao wawili. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo humpa mzazi miaka miwili tangu usajili kuliandikisha jina lililobadilishwa, kwa ada na ushahidi. Baadaye ni hati rasmi ya kubadilisha jina, wakili, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nauli ya kutoka Wema kwenda kufuatilia mambo hayo hailipwi na karani aliyeruka alama moja.

Kwa hiyo, kwa mwalimu na kwa yeyote anayengoja mjukuu mwenye jina asilolizoea, ushauri wangu ni huu. Mwambie mzazi alitamke jina polepole na kulirekodi kwenye simu, ulisikilize mara kumi kabla ya kuliona. Ukishaliweza, ndipo uliandike kando kwa tahajia ya Kiswahili kwa matumizi ya nyumbani: Ang'harad. Katika karatasi rasmi tahajia ya wazazi isiguswe hata herufi moja. Huko Wales mzazi ana siku 42 za kumsajili mtoto, kwa hiyo kama familia ina maoni kuhusu jina, wakati wa kuyasema ni sasa. Hayo yasemwe kama maoni, kisha wazazi waachiwe uamuzi wao.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao, nayo ni kubwa kuliko ya akina babu na bibi. Siku ya kwanza ya muhula, mwalimu hufungua sajili, hufika kwenye jina asilolijua, husema mbele ya watoto 50, "Hili jina gumu, nani mwenyewe?" Darasa hucheka. Mtoto husimama, na kuanzia siku hiyo hujibu lolote aitwalo. Wengine huomba wenyewe waitwe kwa jina la ubatizo tu, na la ukoo likabaki herufi moja yenye nukta. Hivyo ndivyo majina yanavyokufa, na sauti zilizomo ndani yake hufa nayo. Lugha ndogo haina kitabu wala redio. Mara nyingi pahali pake pa mwisho pa kusikika hadharani ni jina la mtu.

Mwalimu huyo angeweza kusema maneno manne tu: "Naomba unitamkie jina lako." Akisikiliza, akarudia mpaka mtoto atikise kichwa kukubali, atakuwa amelifundisha darasa zima somo la lugha ambalo halimo katika silabasi. Na iwapo jina hilo linaanza kwa pf, darasa litakuwa limejifunza pia jina halisi la watu ambao wimbo wao walisimama kuuimba asubuhi ileile.